Sungura wa Ouma na Meno Yangu ya Chini

Juzi binti yangu Achieng' aliingia jikoni na jino lake kiganjani, jino la mbele la chini, dogo kama punje ya mchele. Nilikuwa nakaanga omena, dagaa wa ziwani. Hapa Sindo omena hukaangwa asubuhi na jioni, na nywele zangu zimeshakubali kunuka hivyo. Akaniuliza alitupe wapi. Ni swali la kawaida, kila mtoto huuliza, na kila mzazi hujibu kwamba litupwe juu ya paa. Lakini mimi nilisimama na mwiko mkononi mpaka omena wakaanza kuungua, kwa sababu pua yangu, badala ya samaki, ilikuwa imenusa majani ya viazi vitamu yaliyonyauka juani na mkojo wa sungura.

Mkojo wa sungura una ukali wake. Ukishaishi karibu nao huusahau, na ukishazoea huuchukii. Mimi niliishi karibu nao tangu kabla sijaanza darasa la kwanza, katika boma lililozungukwa na miwa nje kidogo ya Awendo, na hata leo nikimpita mtu sokoni amebeba sungura wake ndani ya katoni, mwili wangu hurudi kuwa mdogo.

Sikuzaliwa pale. Nilizaliwa Kehancha, kwa mama Mkuria na baba ambaye sikumwona na ambaye sitapoteza wino kumtafuta. Mama aliuza chai na mandazi karibu na mahali malori ya tumbaku yalipokuwa yakipakia. Mmoja wa madereva alikuwa Mjaluo mrefu, mpole, aliyekunywa chai yake polepole kuliko wenzake wote mpaka wakamwacha nyuma wakimpigia honi. Huyo ndiye Ouma. Yeye hakujua Kikuria na mama hakujua Kijaluo, basi wakapendana kwa Kiswahili, Kiswahili chetu cha huku kisichojali sana ngeli, na hicho kikawa lugha ya nyumba yetu. Watu wa mjini wakisema huku hatujui Kiswahili huwa nacheka tu. Mimi nililelewa nacho.

Ouma alipoacha malori akapata kazi ya kuendesha trekta la kubeba miwa, alimwoa mama akatuleta kwao. Nasema alituleta, ingawa nilijua tangu siku ya kwanza kwamba aliyeletwa ni mama. Mimi nilikuja naye kama alivyokuja na masufuria yake. Wajaluo wana neno la mtoto wa aina yangu, aliyezaliwa nje akaja na mama yake kwenye ndoa: kimirwa. Hawakunitukana nalo. Walilisema kama mtu anavyosema huyu ni mrefu, yule ni mfupi. Nami sikujua kumwita Ouma jina gani, kwa hiyo sikumwita. Nikimhitaji nilikwenda kusimama mbele yake mpaka anione.

Na pale bomani alikuwapo Dani. Dani ni bibi kwa Kijaluo. Huyu alikuwa mama yake Ouma, mwembamba, mwepesi wa mguu, na mwepesi zaidi wa ulimi. Mbele ya kinywa chake, chini, hapakuwa na meno. Sita yote yalikuwa yameng'olewa alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa zamani, na watu wa rika lake walijuana kwa pengo lile hata safarini. Leo nalijua hilo vizuri. Wakati ule hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Nililiangalia tu lile pengo nikaona kwamba ndivyo watu wa pale walivyo.

Dani alimwita mama nyar Kuria, yaani binti wa Kuria, na hapo hapakuwa na ubaya wowote. Mke kwetu huitwa kwa alikotoka. Ni heshima, ni kukumbusha kwamba naye ana kwao. Shida ni kwamba mimi pia aliniita hivyo hivyo. Binti wa boma haitwi kwa jina la kwao akiwa bado yuko kwao. Anaitwa jina lake, au anaitwa wewe, au anarushiwa kandambili. Kuniita nyar Kuria kila asubuhi, kwa upole kabisa, maana yake ilikuwa moja tu, kwamba mimi ni mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, na ugeni haukuisha.

Sungura walikuja mwaka ule ule. Mwalimu mmoja mstaafu wa Homa Bay alikuwa anahamia kwa wanawe, akampa Ouma dume na jike badala ya kuwaacha. Hawakuwa sungura wale weupe wenye macho mekundu tuliozoea kuona. Hawa walikuwa wa rangi ya fedha, fedha hasa, ya sarafu iliyoshikwashikwa na watu wengi, na wakikimbia ndani ya kizimba rangi ile ilitembea mgongoni mwao. Pua na masikio tu ndiyo yaliyobaki na giza giza. Baada ya ibada Jumapili watu walipitia kuwatazama. Mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye duka la vitambaa Migori mjini alisimamisha gari lake, akaingiza vidole viwili kati ya mbao, akapapasa, akasema, "Wallahi, kitambaa kama hiki sijawahi kuletewa dukani." Ouma alitabasamu juma zima.

Lakini majirani walimcheka. Huku kwetu sungura ni mradi wa watoto wa shule. Mtu mzima anafuga ng'ombe, akishindwa anafuga mbuzi. Wakamwita Ouma Apuoyo. Apuoyo ni sungura kwa Kijaluo, na katika hadithi ndiye mjanja anayekula vya wenzake, kwa hiyo jina lilimkaa vibaya mtu ambaye hata kuku alimwomba radhi akimkanyaga. Naye aliitika tu. Jioni akitoka kazini, na masizi ya miwa iliyochomwa bado yakiwa shingoni, alikwenda moja kwa moja kizimbani kabla hajanywa hata maji.

Mimi ndiye niliyekuwa msaidizi wake. Nilikata majani ya viazi vitamu nikayaanika kwanza juani, kwa sababu yakiwa na umande yanawavimbisha tumbo. Na yeye akanifundisha kupuliza. Manyoya ya fedha, alisema, hayatazamwi juu juu, yanapulizwa. Unamweka sungura mapajani, unapuliza taratibu, na manyoya yanafunguka duara. Nchani ni fedha, lakini ukishuka chini kuelekea kwenye ngozi yanakuwa meusi yenye ubuluu. "Umeona?" aliniuliza mara ya kwanza. "Chini iko giza. Hiyo giza haiendangi. Ndiyo inafanya hiyo fedha ing'ae." Nilipuliza tena na tena mpaka sungura akachoka nami.

Kisha jike akapata mimba. Akaanza kujing'oa manyoya ya tumboni na kuyapanga ndani ya sanduku la kuzalia, na asubuhi moja mle ndani palikuwa na vitu vilivyo uchi vikichezacheza. Ouma alinibeba nichungulie. Baada ya siku kadhaa wakaota manyoya. Yalikuwa meusi, meusi ti, kama chini ya sufuria. Kwanza nilidhani ni masizi ya miwa yaliyowaangukia, kwa sababu shamba likichomwa vipande vyeusi hupepea mpaka juu ya nguo zilizoanikwa, na Dani alikuwa akiyatukana siku nzima. Nikawafuta kwa kanga ya mama. Hawakufutika.

Dani alikuja kuona, mikono nyuma.

"Ouma, hapa ulidanganywa," alisema. "Baba ni fedha, mama ni fedha, watoto ni makaa? Hii jike ilikuja na mimba ya nje."

"Mama, hawa huzaliwa hivyo," Ouma akajibu. "Mwalimu alinieleza. Ngoja tu, watageuka pole pole. Mwisho utaona wote wanafanana na baba yao."

"Damu ya nje haigeukangi."

Mama alikuwa akifua pale karibu. Aliinama zaidi juu ya beseni. Mimi sikuona kwamba yalikuwa yanasemwa mambo mawili kwa pamoja. Nilichosikia ni lile la Ouma, nami nililishika kwa mikono miwili: watoto huzaliwa hivyo, kisha wanageuka, na mwisho wanafanana na baba.

Haikupita muda nikasikia na la pili. Tumbo la mama lilikuwa limeanza kuonekana. Nilikuwa nyuma ya nyumba ya Dani nikikusanya mabua, na wao wawili, Dani na Ouma, walikuwa wamekaa mbele, kivulini.

"Nyar Kuria atazaa mahindi ikishavunwa," Dani alisema. "Nyumba ikipata mtoto yake, huyu mwingine arudi. Mjomba yake akuje achukue. Si ubaya, Ouma. Ako na nyanya yake huko Kehancha, atakula, atasoma. Lakini hapa atakua akiuliza yeye ni nani."

"Nimesikia, mama," Ouma akasema.

Nilimchukia kwa jibu lile. Leo nawajua wanaume wa huku. Wakimwambia mama yao nimesikia, hawajakubali na hawajakataa, wanatafuta tu njia ya kutoka kivulini. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na kwangu nimesikia ilikuwa ndiyo. Jioni ile mama aliniosha miguu kwa muda mrefu kuliko kawaida, akipitisha kidole katikati ya kila kidole. Nikajua amekwisha kuambiwa.

Basi kazi yangu ikawa wazi. Kabla mahindi hayajavunwa, kabla Mjomba Marwa hajaja kutoka Kehancha, niwe nimegeuka.

Kila asubuhi nilianza kwa sungura. Ouma hakukosea. Siku moja niliona tumboni mwa mmoja nywele chache nyeupe, kama amelalia unga. Kisha ubavuni. Kisha mwingine, na mwingine. Fedha ilipanda kutoka chini kwenda juu, polepole mno kwa mtu mwenye haraka kama mimi. Nilikuwa nikirudi nyumbani najitazama kwenye kioo cha mama kilichopasuka, natafuta nami ilipoanzia.

Ndipo jino langu la chini la mbele likatikisika.

Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena, na nimeolewa, na nimezaa. Nilikaa kwenye mlango wa jikoni nikilisukuma kwa ulimi, huku na huku, na kila likisogea moyo ulinidunda kwa furaha. Kwa sababu nilijua watu wa boma lile walivyo chini mbele. Nilikuwa nimeanza kugeuka! Kwamba Ouma mwenyewe alikuwa na meno yake yote halikunisumbua hata kidogo. Nilijiambia yeye bado hajamaliza, kama wale sungura ambao migongo yao ilikuwa ingali myeusi. Dani ndiye aliyekwisha kukamilika.

Lilipotoka sikulia na sikumwambia mtu. Kehancha nyanya yangu alikuwa amenifundisha kwamba jino linatupwa juu ya paa ili upewe lingine. Mimi lingine sikulitaka. Nililifunga kwenye kipande cha karatasi, nikalichimbia ndani ya sanduku la kuzalia, chini kabisa ya majani na manyoya, mahali ambapo weusi walikuwa wanageuka fedha. La pili lilipotoka nikaliweka hapo hapo. Nilitembea bomani mdomo wazi ili Dani aone. Aliona, akasema tu, "Nyar Kuria, funga mdomo, nzi wataingia." Jino la juu lilipoanza kutikisika nilishtuka sana, maana Dani ya juu alikuwa nayo yote. Nikawa natafuna upande mmoja, polepole, ili lile lisitoke.

Mambo yakaanza kuharibika mawili kwa pamoja. Kwanza, kati ya wale sungura mmoja hakugeuka. Alikuwa jike, mwenye masikio mafupi kuliko wenzake. Ndugu zake wote waling'aa, watu wakaanza kuja kuwaulizia, naye alikuwa mweusi vile vile. Nilimpuliza kila siku, tumboni, ubavuni, chini ya kidevu. Sikuona hata unywele mmoja mweupe. Pili, asubuhi moja nikiwa napiga mswaki kwa kijiti nilihisi kitu chenye ncha kwenye pengo langu. Nikapapasa kwa kidole. Jino lilikuwa linachungulia. Nilikuwa sijalitupa paani, sikuwa nimeliomba, nalo lilikuwa linakuja.

Nikafunga mdomo. Sikucheka, sikuimba, niliongea nimeweka mkono mbele. Chakula nilikitafuna nimewapa watu mgongo. Mahindi yalikuwa yanavunwa shambani, yamejaa uani juu ya maturubai, na Mjomba Marwa alikuwa ameshatuma habari kwamba anakuja. Dani alinitazama siku mbili tatu akamwambia mama, "Hii mtoto anaumwa." Mama akanishika paji la uso. Hapakuwa na homa.

Kisha Ouma akasafisha lile sanduku, maana jike alikuwa na mimba nyingine. Nilimsikia akiita, "Mama! Hebu kuja uone hii!" Na nilipotokea, Dani alikuwa amesimama kizimbani, karatasi imefunguliwa kiganjani mwake, na uso wake ulikuwa umebadilika. Meno ya mtu yamefichwa ndani ya kiota cha wanyama wanaozaa, katika boma lenye mke mjamzito. Mnaotoka huku mnajua mawazo ya mtu mzima yanakokimbilia.

"Nani amezika hii hapa?" Dani aliuliza, kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ile ya juu. "Nani anataka kufunga tumbo ya hii nyumba?"

Mama alitoka jikoni ameshika tumbo lake. Nikamwona anaogopa, na sikuweza kuvumilia. Nikafungua mdomo.

Dani aliniinamia. Akanishika kidevu, akatazama pengo, akatazama zile ncha mbili mpya, akatazama karatasi.

"Ni yako?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini hukutupa juu ya nyumba?"

"Yangerudi."

"Si lazima irudi?"

"Mimi sitaki yarudi," nikasema, na hapo kilio kikanishinda, nikayamwaga yote pamoja na makamasi: kwamba sungura wanazaliwa weusi wanageuka, kwamba nami nilikuwa nimeanza kugeuka vizuri, nimetoa mawili, na nilikuwa nangoja yale mengine manne niwe kama yeye, lakini sasa yanaota tena, na yule mweusi naye amekataa, na Mjomba anakuja.

Nilingoja wacheke. Ouma alizunguka nyuma ya kizimba akajifanya anakaza msumari, bila nyundo. Mama alijifunika uso kwa kanga. Dani alibaki ameniinamia, kidole chake gumba kikiwa ndani ya pengo lake mwenyewe, kama mtu anayehakikisha kwamba bado liko.

"Wewe unafikiri hii yangu ilianguka?" akaniuliza mwishowe. "Mimi walinishika. Watu wawili miguu, mmoja kichwa. Walitoa na chuma. Nililia kushinda wewe. Usiku nilipapasa, nikaita meno yangu irudi." Akakitoa kidole kinywani. "Haikurudi. Na wewe yako inarudi, unalia?"

Alikunja ile karatasi, akarudi nyuma hatua chache, akairusha. Mkono wake ulikuwa na nguvu. Tulisikia meno yakigonga bati la nyumba yake yeye mwenyewe, si ya mama. Kisha akaingia ndani na hakutoka mpaka jioni.

Mjomba Marwa alikuja kwa bodaboda, amebeba mkungu wa ndizi mapajani. Nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni karibu na mlango, mama amezikunja vizuri. Mjomba alichinjiwa kuku, akala, akasifu mahindi. Kisha akashika magoti yake kama wanavyofanya wageni wanaotaka kuondoka, akasema, "Basi, jua lisituache. Boke, leta mfuko."

Boke ndilo jina langu. Nilikwenda kuuchukua. Sikulia; nilikuwa nimemaliza.

"Mkwe," Dani akasema kutoka kwenye kigoda chake. "Hii mtoto ako na meno nusu."

Mjomba hakuelewa.

"Kwetu, mtoto akianza kuotesha meno kwa boma, hatoki hiyo boma mpaka meno imalize. Akitoka nusu, ni chira."

Chira ni laana inayomshika mtu aliyevunja mwiko. Hukondesha mtu huku anakula. Hata Wakuria wa karibu nasi wanaijua, na hakuna mwanamume mwenye akili anayeibeba kwenye bodaboda. Mjomba aliangalia mifupa ya kuku aliyemla, kisha akamgeukia Ouma.

"Shemeji, hii mambo iko?"

Ouma alikuwa hajawahi kuisikia. Aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye: hakuna mwiko kama huo, si kwa Wajaluo wa Awendo wala wa popote, mama yake aliutunga pale pale akiwa amekaa. Lakini siku ile alikohoa, akatazama miguu yake, akasema, "Iko. Hiyo iko kabisa. Ni ya zamani sana."

"Na meno inamaliza lini?"

"Mungu ndiye anajua," Dani akasema. "Kila mtoto na yake."

Mjomba aliondoka na mahindi badala yangu. Nilipouinua mfuko kuurudisha ndani, Dani alinipigia kelele, "Na wewe umesimama nini? Sungura imekula?" Hakusema nyar Kuria. Niliona kwamba hakusema, nikakimbia kizimbani kabla hajakumbuka.

Hakukumbuka tena kamwe. Yule mweusi Ouma hakumuuza, ingawa wapo waliomtaka kwa mchuzi. "Huyu ni wa hapa," aliwaambia. Hakugeuka fedha mpaka alipokufa kwa uzee. Sitaki kusema yule sungura alikuwa mimi. Sungura ni sungura, na nilikula nyama ya ndugu zake kwa raha. Lakini aliniuma roho alipokufa. Ouma nilimwita Baba siku moja bila kukusudia, nikimwonya kwamba jike ametoroka, na wote wawili tukajifanya hatukusikia kwa sababu jike alikuwa ametoroka kweli.

Nilimaliza kumsimulia Achieng' sehemu hii, omena wakiwa wameungua wote. "Na ukakuja kutoka huko lini?" akaniuliza. Basi nikamwambia na mwisho wake.

Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza chuo, watu wa Sindo walipokuja kunitaka. Walikaa sebuleni kwa Ouma, suruali zimepigwa pasi. Mjomba Marwa naye aliitwa kutoka Kehancha, mvi zimemwingia kutoka ubavuni kwenda juu. Mazungumzo yalikwenda vizuri mpaka yakafika mahali pa kuulizana kama binti anatolewa, na hapo Mjomba akainua mkono. Nilidhani atasema mimi ni wa Kehancha.

"Mimi sina neno," akasema. "Nataka tu kumuuliza mama mzee. Ile meno, ilimaliza?"

Wageni walitazamana. Dani alikuwa kwenye kiti chenye mto, amebaki mifupa na ulimi, macho hayaoni vizuri. Akanipungia mkono nije. Nikapiga magoti mbele yake, mwanamke mzima mwenye hereni, nikafungua mdomo mbele ya wakwe. Akaingiza kidole gumba. Akaanza pale chini mbele, polepole, jino kwa jino, akaenda upande mmoja mpaka mwisho, akarudi akaenda upande wa pili. Kule nyuma kabisa gego langu la mwisho lilikuwa limetoka mwaka ule, na lilikuwa linaniuma bado. Alilibonyeza. Nikaruka.

Dani akatoa kidole, akakifuta kwenye kanga yake.

"Imemaliza yote," akawaambia watu wa Sindo. "Sasa nyar Sakwa anaweza kwenda."

Sakwa ni kwetu, ni ile ardhi yote ya miwa kuzunguka boma. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na nilijua kwa nini hakuna aliyewahi: nilikuwa bado sijatoka kwetu. Nililia pale pale mbele ya wageni, mdomo wazi, na meno yangu yote yakaonekana.